Nilivyokwenda Kigali Kumchukua Zaituni

Tangu nirudi sijapata kunywa kahawa yangu kwa amani. Nikikaa tu barazani, mmoja wenu anauliza, "Athumani, Zaituni yuko wapi?" Namweleza. Anakuja aliyechelewa, inabidi nianze upya. Wa tatu anasikia nusu, anakwenda kutangaza kwamba dada yangu amekufa, mpaka watu wakaniletea unga wa msiba. Unga nimeula, sikatai, lakini Zaituni hajafa. Ndiyo maana nimechukua daftari niandike mara moja, kila mtu asome au asomewe. Shule mimi niliishia darasa la tatu. Mkikuta herufi zimelala, ziacheni zilale.

Wazee mnajua, vijana hamjui. Zaituni ni dada yangu wa tumbo moja, na hatuna mwingine. Aliolewa Kigali na Hamisi, fundi cherehani wa Biryogo, enzi ambazo Biharamulo nzima redio zilikuwa mbili. Mwaka huu wa tisini na nne yalipotokea yaliyotokea kule, hatukupata neno lake hata moja. Serikali ya zamani ikakimbia, wapiganaji wakashika mji, bado kimya. Nikapiga lipu chumba cha uani, nikaapa mbele yenu: nitakwenda nimlete, akae humo. Wangapi mlinicheka? Nawakumbuka kwa majina.

Usafiri wa kwenda huko haukuwapo. Lakini madaktari wetu wawili wa Ufini, hawa niliowapikia hospitalini miaka yote, walikuwa wameombwa waende Kigali kutibu kuhara, maana madaktari wa kule wengine waliuawa, wengine walikimbia. Nikamwambia Daktari Lena, "Utakula nini huko bila mimi?" Akafikiri kidogo. Akasema panda gari. Mambo ya vibali nayaruka, yatawachosha kama yalivyonichosha.

BIHARAMULO MPAKA NGARA

Tulipanga kuondoka alfajiri, tukaondoka baada ya adhuhuri. Daktari Lena ni mama mkubwa, mabega kama ya mbeba magunia, Kiswahili anakijua sawasawa, na ana ugonjwa mmoja ambao hajawahi kuutibu: kupanga vitu. Alipakia maboksi, akayashusha, akayapakia tena, kwa sababu pakiti za chumvi na sukari za kukoroga maji ya wagonjwa lazima ziwe juu. Mwenzake, Daktari Pauli, ni mwembamba, hasemi Kiswahili wala hasemi sana lugha yake mwenyewe. Yeye alikaa kwenye usukani akimenya chungwa, kama mtu anayesubiri meli.

Kuhusu machungwa, kuna mama mmoja pale Nyakahura anauza yale ya kijani yenye maji mengi, msinunue kwa mwingine. Lakini niendelee.

Ngara hamkuiona wakati ule. Watu walikuwa wametapakaa kilima baada ya kilima, moshi, turubai, moshi. Kila mtu anatoka kule tunakokwenda sisi. Mzee mmoja akatusimamisha akatuuliza kwa heshima kabisa kama tumepotea njia. Daktari Lena akamwambia hapana. Yule mzee akamtazama, akanitazama mimi, akasema, "Basi huyu mzungu amepotea, na wewe unamfuata."

DARAJANI RUSUMO

Maji ya mto sikuyatazama. Mnajua kwa nini, miezi ile yalipita huku kwetu yamebeba maiti.

Ng'ambo ya daraja alikuwako askari wa serikali mpya, kijana mrefu, mabuti yake ya mpira yamesafishwa yanang'aa. Akaja dirishani kwangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Shusha."

"Nishushe nini?"

"Vyote, mzee wangu. Samahani."

Kumbe alizaliwa Karagwe, wazazi wake walikimbilia kwetu zamani. Adabu zote za Tanzania anazo. Basi kwa adabu hizo hizo alitushushisha boksi moja moja, akafungua, akachungulia, akafunga. Akafika kwenye kifurushi changu.

"Hii nini, mzee?"

"Bizari."

"Ya nini?"

"Ya pilau."

Akainusa muda mrefu, akaifunga taratibu kama anafunga kidonda. "Pilau," akasema, akageukia mto.

Hapo nikafanya kosa. Mimi mipaka nimeivuka mingi, najua inavyolainishwa. Nikachomoa pakiti ya sigara nikamwekea kwenye kiganja. Hee! Akaita wenzake watano. Wakanikalisha juu ya boksi la dripu, wakanisomesha nusu saa nzima kwamba rushwa ndiyo iliyoua nchi, kwamba mzee kama mimi natakiwa kuwa mfano, na kwamba serikali hii haitanunuliwa. Mwisho akanirudishia sigara zangu kwa mikono miwili. Nimeonewa na askari wengi maishani mwangu, lakini huyu ndiye wa kwanza kunionea kwa kukataa rushwa.

Halafu, kana kwamba hayo hayatoshi, mkubwa wake akaamua kijana huyo huyo afuatane na sisi mpaka Kigali, awe mlinzi wa madaktari na mwangalizi wao. Akaketi juu ya mchele wangu. Tangu siku hiyo tukamwita Afande.

KAYONZA, KWENYE MENO

Pale njia panda ya Kayonza tulisimama kutia maji kwenye rejeta. Afande akawaambia askari wa kizuizini kwamba hawa ni madaktari. Mmoja akasema ana jino. Daktari Pauli, aliyekuwa hajasema neno tangu Ngara, akashuka, akafungua boksi, akatoa koleo, akamng'oa. Kwa mara ya kwanza nilimwona anacheka.

Tukakaa Kayonza siku mbili. Msidhani natia chumvi. Walitoka vichakani wakiwa kwenye mstari, kila mmoja ameshika shavu. Watu waliolala porini miaka minne wakipigana, nani angewapa daktari wa meno? Nawahurumia, nilimhurumia kila mmoja wao. Lakini dada yangu alikuwa mbele yangu mwendo wa saa mbili tu kwa gari, na mimi nimekaa nashika beseni la mate.

REMERA

Kigali tuliingia mchana. Mji mzuri, vilima vimefunikwa miti, na kimya. Kimya cha mji mchana ni kitu kibaya sana. Sitaki kukieleza.

Serikali ilikuwa imewapangia madaktari nyumba Remera, si mbali na uwanja wa mpira. Tukafika na ufunguo, tukakuta mlango uko wazi na mama mnene amekaa sebuleni, anachambua maharage. Mama Godeliva. Kwao ni Rwanda, lakini amekulia Bujumbura, amerudi baada ya vita na masanduku yake, akakuta nyumba tupu, akaingia.

"Hii nyumba iko yangu," akasema. "Miye ndiye nilifungua mulango."

Afande akamwonyesha karatasi. Yeye akaonyesha karatasi nyingine, ya afande mwingine.

"Na hii je? Haina muhuri hii?"

Basi. Karatasi mbili, mihuri miwili, serikali moja. Wakazungumza mpaka maharage yakaiva. Ikaamuliwa mama abaki sebuleni, madaktari walale vyumba vya nyuma mpaka uamuzi utoke juu. Mpaka naondoka ulikuwa haujatoka.

Na mimi nikaambiwa nisitoke Remera mpaka nami nipate kibali changu cha kutembea mjini. Nikamwambia Afande, "Mwanangu, dada yangu yuko Biryogo, naweza kufika kwa miguu." Akasema, "Najua, mzee wangu. Samahani." Hiyo samahani yake ilikuwa inanitia hasira kuliko tusi. Siku kumi na mbili. Madaktari wanachukuliwa asubuhi kwenda Gitega, si ile ya Burundi, ni mtaa wa Kigali jirani na Biryogo, kwenye shule iliyogeuzwa hospitali, wanarudi jioni hawana nguvu hata ya kutafuna, na mimi niko jikoni na Mama Godeliva.

Huyu mama alinitesa kwa njia moja. Kila asubuhi nilimpelekea chai, ya tangawizi, chai ambayo waganga wakuu wameisifu. Anasema asante. Nikirudi, kikombe kimejaa vile vile, kimepoa, kimetanda utando. Siku ya kwanza nikasema anaumwa. Ya pili nikaongeza sukari. Ya nne nikashindwa kuvumilia.

"Mama, chai yangu ina kasoro gani?"

"Haina. Inanuka vizuri."

"Mbona huinywi?"

Akanitazama kama mtu anayemwonea haya mtoto wa wenyewe. "Muzee, weye unatoka nayo jikoni imeshamiminwa. Mimi niliona birika? Nani alikunywa mbele?"

Ndipo akanifundisha. Kule mtu akikukaribisha kinywaji, chupa inafunguliwa mbele yako. Mwenyeji anapiga funda moja yeye kwanza, umwone anameza, ndipo anakupa. Ni adabu tangu mababu, matajiri kwa maskini, hata baba mkwe anafanyiwa. Kinywaji kinachotoka ndani kimeshajazwa ni kama barua iliyofika bahasha yake imechanwa. Na kama zamani ilikuwa adabu tu, akasema, sasa fikiria mwenyewe, baada ya yaliyopita, nani amnywee nani kwa kufumba macho?

Kesho yake nikaleta birika sebuleni, nikamimina, nikanywa mimi, nikampa. Akanywa vikombe vitatu. "Kumbe unajua kupika," akasema. Miaka thelathini na moja jikoni, halafu niambiwe hivyo.

BIRYOGO

Siku ya kumi na tatu kibali kikatoka. Afande akanisindikiza. Tukashuka, tukapanda, tukafika Biryogo kwa miguu. Vichochoro vyembamba, milango mingi imefungwa, lakini mama mmoja alikuwa anakaanga sambusa, na adhana ikaadhiniwa, nikasema alhamdulillahi, pana watu.

Nyumba ya Hamisi ina paa nusu. Jirani yake, mshonaji pia, aitwaye Saidi, alikuwa ameweka cherehani nje anatia viraka magunia. Nikajitambulisha.

"Weye ndiye Athumani wa Biharamulo?" akasema. "Dada yako alisema iko na kaka moja mkaidi."

"Yuko hai?"

"Iko hai. Lakini tumbo, muzee. Tumbo mbaya. Tulimubeba juzi, tukamupeleka kwa wazungu, Gitega."

"Wazungu gani?"

"Ile mama kubwa. Na ile ya kunyamaza."

Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi. Siku mbili nzima nawakaangia madaktari wale ndizi, nawauliza kazi imekwendaje, wananiambia wagonjwa ni wengi, na dada yangu ni mmoja wa hao wengi! Nilimtukana Afande, nikamtukana aliyebuni karatasi. Afande akasimama amevua kofia. Hakusema samahani safari hii, na alifanya vema.

Nikauliza habari za Hamisi. Saidi akazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, bila uzi. Akasema nyumba ile ilikuwa imeficha watu kumi na saba. Maji yakaisha. Hamisi akatoka na madumu kuwatafutia, mwezi wa nne. Watu wale wako hai wote. Yeye hakurudi.

GITEGA

Darasa lile lilikuwa limejaa mikeka kutoka ukuta mpaka ukuta. Zaituni alikuwa chini ya ubao, bado umeandikwa hesabu za watoto. Sikumjua. Macho yamezama, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Yeye akanijua mara moja.

"Umechelewa," akasema.

Sauti kama karatasi. Pembeni yake kikombe cha plastiki, kimejaa maji ya chumvi na sukari. Hakikuguswa. Nikatazama mkeka wa jirani, kikombe kimejaa. Mwingine, kimemwagwa ukutani kwa siri, alama inaonekana. Darasa zima wanakauka, na vikombe vimejaa.

Daktari Lena akaja mbio, jasho linamtoka. "Athumani, wewe unawajua watu. Waambie wanywe! Dripu zimebaki za wale wasioweza kumeza. Hawa wangekunywa wangepona, wananiambia ndiyo, ndiyo, halafu hawanywi. Wanataka kufa?"

"Daktari, maji haya mnakorogea wapi?"

Akanionyesha. Nyuma ya turubai lililoning'inizwa kama pazia, ndoo safi yenye mfuniko, nzi hawaingii. Alijisifu nalo pazia lile, ndiye aliyelipanga.

Masikini mama wa watu. Kwa usafi wake wote, yeye ndiye aliyekuwa anatoka jikoni na chai iliyomiminwa.

Nikarudi kwa Zaituni. "Kunywa."

"Sinywi."

"Hawa ni madaktari wangu, nawajua miaka."

"Wewe unawajua. Mimi nimemwona mzungu anaingia kukoroga nyuma ya pazia, anatoka anacheka na askari."

Nikachukua kikombe chake nikanywa funda kubwa mbele yake. "Haya!"

Akageuza uso. "Si wewe, Athumani. Wewe utakunywa hata sumu kwa ujinga wako."

Mgonjwa wa mkeka wa jirani akacheka, akakohoa. Na mimi, astaghfirullahi, nilitaka kumpiga kibao mtu anayekufa.

"Waliotuua hawakutoka mbali," akasema, polepole, anapumzika kila neno. "Walikuwa wanatuazima chumvi. Aje mwenyewe anayekoroga. Akoroge hapa nione. Anywe nione."

Nikamwendea Daktari Lena nikamweleza. Akakasirika. Akasema yeye ni daktari, si mwonja pombe. Akasema wagonjwa ni themanini, akinywa na kila mmoja atashinda chooni siku nzima. Akasema nje ya pazia kuna nzi. Nikamwambia, "Nzi atawaua wachache, pazia litawamaliza wote." Halafu yeye na Daktari Pauli wakasemezana kilugha chao, na yule Pauli, bila kusubiri uamuzi, akaling'oa turubai kwa mkono mmoja.

Wakaleta meza katikati ya darasa. Afande akainua kidole: meza haina kibali cha kuhamishwa. Mnaona nilivyokuwa naishi? Nikamwambia, "Mwanangu, shika upande ule." Akashika.

Daktari Lena akafungua pakiti juu juu, kila mtu aione. Akamimina, akakoroga. Akachota kikombe, akanywa chote mpaka mwisho, uso umekunjamana, maana tamu na chumvi pamoja si mchezo. Akafuta mdomo. Darasa zima linatazama koo lake.

Mzee mmoja kwenye kona akasema, "Na musirikari naye anywe."

Hakuna aliyekuwa amewahi kumwagiza askari wa serikali ile. Afande akatazama mlangoni, kama anatafuta mkubwa wa kumwuliza. Hakuna. Akaegemeza bunduki ukutani, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akatetemeka mwili mzima.

"Mbaya?" yule mzee akauliza.

"Mbaya sana, mzee wangu."

Wakacheka. Katika darasa lile, jamani, wakacheka. Zaituni akanyoosha mkono. Daktari akachota kwenye ndoo ile ile, akapiga funda, akampa. Akanywa. Nilihesabu mafunda yake kama mtu anayesali. Alipomaliza akasema, "Chumvi imezidi," akaomba kingine.

KURUDI

Siku ya tano alikaa. Siku ya tisa alisimama. Mimi nikaanza kufunga mizigo, nimepata na lori la kuturudisha mpaka Rusumo. Nikamweleza habari za chumba cha uani, lipu, dirisha linaloangalia migomba. Akasikiliza vizuri. Nikadhani amekubali.

Lakini Daktari Lena alikuwa amechoka na maji ya chumvi, tumbo limemjaa kama ngoma, na wagonjwa wapya wanaletwa kila siku, nao wanataka kuona mtu ananywa. Zaituni, akiwa bado anaegemea ukuta, akaanza kumpokea. Anawajua watu wa Biryogo, anawajua wa Gitega, ameshona nao, amewaozesha. Anakaa chini kando ya mgonjwa, anamwonyesha pakiti, anakoroga, anapiga funda, anampa. Wengi walitaka anywe yeye kuliko mzungu.

Nikamwambia, "Lori ni kesho."

"Nenda salama."

"Nenda salama vipi? Nimekuja kukuchukua wewe!"

"Nikiondoka nani atakunywa mbele?"

"Daktari. Afande. Mtu yeyote!"

"Athumani." Akaweka ndoo chini. "Hapa wakiniona mimi nimemeza, wanameza. Kwenu nitakaa dirishani nitazame migomba."

Tuligombana jioni nzima, mpaka Mama Godeliva, aliyekuja kuleta maharage, akatuamulia. Nilimwambia maneno ambayo dada haambiwi. Nilimwambia Hamisi hatarudi hata angoje miaka mia. Hakulia. Akaniambia anajua.

Asubuhi nikapanda lori kwa hasira, sikwenda kuaga. Lori, mnajua tena, halikuondoka. Dereva anatafutwa, dereva amekwenda kutafuta karatasi. Nikakaa juu ya magunia mpaka jua likapanda, hasira ikaanza kuniishia, nikashuka, nikasema nikamwombe radhi.

Nilisimama mlangoni mwa darasa. Alikuwa amepiga magoti kando ya mtu mzima mmoja aliyegeukia ukutani, hataki kutazama kikombe. Zaituni akapiga funda, akamnyooshea. Hataki. Akapiga funda jingine. Hataki. Akawa anamsemesha Kinyarwanda, chini chini, bila haraka. Mimi nikamaliza kuhesabu mafunda sita. Huyu ni Zaituni ambaye utotoni ukikataa uji wake mara moja anakumwagia kichwani.

La saba yule mtu akageuka.

Lori likapiga honi. Zaituni hakuinua kichwa, na mimi sikumwita. Kwa hiyo msiniulize tena alisema nini wakati wa kuagana. Hatukuagana, alikuwa na kazi.